Hatukufika Kileleni

Wifi yake Rehema ndiye aliyeanza kucheka. Ilikuwa Tanga, mwaka jana, siku ya hitma yake, na sisi wanawake tulikuwa tumekaa kwenye mikeka katika chumba cha ndani, sinia za pilau zimeshaondolewa, watu wanasubiri kahawa. Msiba ukishapita makali yake ya kwanza huwa unaruhusu kicheko, na mimi sina ugomvi na hilo. Kila mmoja alikuwa akitoa kisa chake kuhusu marehemu. Wifi akasema, "Mnajua Rehema katika usichana wake aliwahi kwenda Kenya kupanda mlima? Kwenda kutafuta theluji, jamani, mtu wa Tanga! Mlima wenyewe ukamtapika. Akarudi hata kileleni hajafika." Chumba kizima kikacheka, kicheko cha mapenzi, cha watu wanaomkumbuka mtu wao. Mimi sikucheka. Nilikuwa mgeni pale, mwanamke wa Nyeri mwenye mvi, mtandio wa kuazimwa ukiniteleza kichwani, na Kiswahili changu bado kina Giakanja, kijiji chetu, ndani yake baada ya miaka yote hii. Nikasema, kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, "Haukumtapika. Mimi nilikuwepo." Wifi akanitazama bila ubaya wowote. "Basi tuambie, dada," akasema. Nikawaambia, kwa kifupi, kwa kuwa kahawa ilikuwa inaingia. Hapa sina kahawa ya kunikatiza.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na minne, na nilikuwa nimeacha kazi ya kupiga taipu Nairobi bila kuomba ushauri wa mtu. Mambo ya nyumbani kwetu nitayaruka. Yana wenyewe wa kuyasimulia. Nilichotaka kilikuwa kitu kimoja tu: kuuzunguka Mlima Kenya nikiwa na begi mgongoni, mji baada ya mji, Karatina, Embu, Chuka, Meru, Nanyuki, bila shughuli yoyote ya kunipeleka huko. Leo ukisema hivyo vijana watakuelewa, hata watakuomba picha. Wakati ule msichana wa kwetu Tetu aliyeonekana Chuka akiwa na begi mgongoni alikuwa ama amefukuzwa kwao, ama ana mimba, ama ni mlokole anayehubiri. Niliulizwa yote matatu, na mama mmoja wa Embu aliyeniuzia ndizi aliniuliza yote matatu kwa mkupuo mmoja. Mlima wenyewe nilikuwa nikiuona tangu nijue kuona. Kule Giakanja, asubuhi ya anga safi, ukifungua mlango wa jikoni unakutana nao, mweusi na mweupe, umesimama juu ya mashamba ya watu kama haukupandwa na mtu. Watu wazima waliutaja kwa sauti ya chini, kama nyumba ya mkubwa ambayo huingii mpaka uitwe. Na sikumjua mtu hata mmoja wa kwetu aliyewahi kuukanyaga, isipokuwa wanaume wachache waliokwenda kuwabebea wageni mizigo, nao walirudi wakizungumza habari za mizigo tu.

Rehema nilikutana naye Meru, uani kwenye lojingi, asubuhi ya baridi, watu wakiwa wamepanga foleni ya maji moto ya kuoga. Alikuwa mfupi, mweusi wa kupendeza, amejifunga kanga juu ya sweta mbili, ndoo mkononi. "Samahani, dada," akaniambia, "eti nani wa mwisho?" Nilicheka, kwa maana foleni ile hakuna aliyekuwa ameiendea kwa adabu namna hiyo tangu iumbwe. Alikuwa muuguzi wa Tanga, yuko likizo ndefu, na alikuwa amesafiri peke yake kwa mabasi kuja kuiona theluji, ambayo alikuwa amesomeshwa shuleni na hakuiamini. Aliponiuliza ninakotoka na nikamwambia, alisimama na ndoo yake katikati ya ua. "Wewe umezaliwa chini yake? Basi umeishika." Nikamwuliza nimeshika nini. "Theluji, mwenzangu!" Nikasema hapana. Hakunicheka. Alinitazama kwa masikitiko ya kweli, kama anavyotazama muuguzi mtu aliyekaa na jino bovu miaka mingi ilhali zahanati iko jirani. "Sasa tunangoja nini?" akasema. Sijui kama aliwahi kufahamu swali lile lilinifanya nini. Siku zile nilikuwa nimeuzunguka mlima karibu wote, na kumbe nilikuwa nafanya vilevile walivyofanya watu wetu: naupita kando.

Tulipofika Nanyuki tukampata Wafula, au yeye ndiye aliyetupata, kwenye kibanda cha chai, akiwa amekunja miguu yake mirefu chini ya meza fupi. Alitoka Mbale, Uganda. Alikuwa ameshaupanda mlima wa kwao na sasa alitaka kuujua wa jirani, kama mtu anayekwenda kuamkia ukoo. Yeye, Rehema na mimi: wasafiri watatu wenye mabegi ya mitumba, wa nchi tatu, bila hema. Tukakubaliana kwenda Nyeri kwanza tukajiandae, kwa kuwa nilikuwa na chumba huko.

Chumba kile nakiona hata sasa. Kilikuwa Majengo, kwa Mama Saidi, mjane wa Kiislamu aliyezaliwa Nyeri na ambaye ukimwuliza asili yake alianza kuhesabu kwa vidole, babu Mnyamwezi, bibi Mkikuyu, nani sijui wa Mombasa, mpaka anachoka na kusema, "Basi, mimi ni wa Majengo." Nyumba ilikuwa ya mabati, ua katikati, vyumba vimezunguka. Kuta za ndani zilikuwa mbao zilizobanduka, kiasi kwamba jirani akikohoa unasikia kama kakohoa mfukoni mwako. Rehema na mimi tulilala kitanda kimoja. Wafula alipewa stoo, pamoja na magunia ya makaa. Wiki ile tulikula kama wafalme wa nchi tatu. Mimi nilipika mukimo, viazi na malenge vilivyopondwa pamoja, Wafula akamenya matoke kwa kisu kidogo, kwa subira ya fundi, na Rehema alizunguka soko la Nyeri akitafuta nazi mpaka akaipata moja, kavu, akaikuna yote akatupikia wali ambao Mama Saidi alikula, kisha akafuta macho na mtandio na kusema mama yake alikuwa akipika vile.

Ni katika ule ua nilipojisikia nikisemwa. Nilikuwa chumbani nafunga soksi, na nje wanawake wawili walikuwa wanafua. "Huyo wa Giakanja," mmoja akasema, "ati anaenda mlima na Mganda." "Na suruali amevaa?" "Amevaa, mimi nimeiona kwa kamba." Nguo zikasuguliwa. "Na yule bwana wa Mweiga anajua?" "Kama hajui, atajua leo."

Bwana wa Mweiga alikuwa Muriithi. Watu wake walikuwa wameshafika kwetu na mazungumzo ya posa yalikuwa yameanza, na mimi nilikuwa nimekubali, kwa ile namna mtu anakubali gari lililosimama mbele yake. Sitaki mtu afikiri alikuwa mtu mbaya. Alikuwa na ng'ombe wa maziwa na shamba la viazi chini ya milima ya Aberdare, mikono yake ilikuwa safi, hakunywa, na hakuwahi kunipandishia sauti. Alikuja siku ileile. Alikaa kwenye kigoda uani, kofia juu ya goti, akakataa chai.

"Hiyo mlima iko na nini?" akaniuliza.

"Nataka kuiona tu."

"Si unaiona kila siku? Mimi niko nayo hapo kwa dirisha."

Nikasema nataka kuiona kwa karibu. Alifikiri sana, maana alikuwa mtu wa kufikiri. Kisha akasema, polepole, kama anayemfundisha mtoto, "Wairimu, wanaoenda huko ni watu aina mbili. Kuna mzungu, na kuna mwenye kumbebea mzungu. Wewe ni gani kati ya hao?"

Miaka yote hii nimekuwa nikimjibu. Siku ile nililitafuta jibu nisilipate, maana alikuwa amesema ukweli jinsi ulivyokuwa. Alipoona nimenyamaza alidhani amenishinda. Akainuka, akavaa kofia. "Ukienda, mimi siko na maneno tena," akasema. Nafikiri alitarajia nilie. Mimi mwenyewe nilitarajia kulia. Nilichotamka ni, "Sawa." Neno lenyewe lilitoka dogo kama hilo, na ndilo neno la kwanza la maisha yangu ambalo nililisema bila kuangalia uso wa mtu kwanza.

Mama Saidi ndiye aliyetutafutia mwongozaji, Ndiritu wa Kiganjo, mtu mkimya aliyeijua njia ya Naro Moru na ambaye alitukagua viatu kabla ya kutusalimia. Tulipita lango la msitu asubuhi, askari wa pale akimwuliza Ndiritu, mbele yetu, wageni wake wako wapi. "Ni hawa," Ndiritu akasema. Askari akachungulia nyuma yetu mara nyingine, kuhakikisha. Tulipanda barabara ya msituni kutwa, kwenye miti ya podo na mianzi, jasho na baridi vikigombania mwili mmoja. Wafula alikuwa mbele akipiga mluzi. Rehema alikuwa anataja kila kitu: ndege, kinyesi cha nyati, ukungu. "Huu ndio ukungu? Mbona unalowesha?" Nilikuwa na furaha ya kipumbavu. Kila nilipogeuka, mashamba yalikuwa yamezama zaidi, na mahali fulani ndani ya ule ubuluu palikuwa Mweiga.

Kambi ya kwanza ilikuwa nyumba za mbao zilizoezekwa mabati, juu kabisa ya msitu, na msimamizi mmoja mwenye koti la jeshi. Alitupokea vizuri, akatuonyesha chumba kirefu chenye vitanda vya ghorofa, tuchague. Rehema alichagua cha chini kando ya dirisha, akakitandika kanga yake ya maua mekundu juu ya godoro. Chumba kilinuka mafuta ya taa na soksi za watu waliopita. Jikoni tulipika ugali na kabichi, tukala tukiwa tumesimama karibu na jiko. Halafu mvua ikaanza, na ndani ya mvua likatokea kundi la wazungu, wengi, wamelowa, na waongozaji wao wamelowa zaidi. Nilimwona msimamizi akihesabu vichwa kwa macho. Nilijua atakachosema kabla hajafika kwetu. Nadhani wote watatu tulijua.

"Sasa nyinyi mtaenda huko nyuma," akasema. "Huko kwa wapagazi kuko na nafasi. Hizi kitanda ni za wageni."

Huko nyuma nilikuwa nimeshakuona nilipokwenda kutafuta choo. Kulikuwa na banda lenye moshi, sakafu ya udongo, bati limetoboka, wanaume wamelala wamebanana kama kuni. Na niseme hili, kwa sababu watu hulielewa vibaya: sikuona aibu kulala na wapagazi. Wengine walikuwa baba zetu. Niliona aibu kwamba kuna mtu yeyote aliyelazwa pale, na kwamba huyu mtu, mwenye lafudhi kama yangu, alitutazama mara moja tu na akajua mahali petu. Wafula alikuwa ameshaanza kukunja blanketi lake. "Ni usiku mmoja tu," akasema kwa upole. "Sisi tulale, kesho tutoke." Hakuwa mwoga. Alikuwa amechoka, na alikuwa katika nchi ya watu.

Rehema alikaa kwenye kitanda chake. Akavua kiatu cha kulia, akakiweka sakafuni. Akavua cha kushoto, akakipanga kando ya mwenzake. Akajilaza, akajifunika kanga mpaka kidevuni. "Baba yangu," akamwambia msimamizi, kwa ile sauti ya Tanga iliyo laini kama siagi, "utaniwia radhi. Mimi nimeshalala."

"Mama, usinifanyie hivyo. Hawa watu wametoka mbali."

"Na mimi natoka Tanga, baba. Kwani Tanga ni hapo chini?"

Msimamizi akaona kwa huyu hana pa kushika. Akanigeukia mimi, akahamia Kikuyu, kama mtu anayeingia kwake kupitia mlango wa nyuma. Akaniuliza mimi ni wa wapi. Nikamwambia Giakanja. Uso wake ukafunguka. Akasema basi nitamwelewa, mimi si mgeni, mimi ni wa hapa; hawa wazungu ndio wageni, na mgeni ni wa kupewa mahali pazuri. Alisema kwa wema. Angeniambia kwa ukali labda ningehama. Lakini ule wema ulikuwa uleule wa Muriithi, wema wa mtu anayekusogeza kando kwa mkono mlaini. Nikamjibu kwa Kiswahili, ili wenzangu wote wasikie.

"Kama mimi ni wa hapa," nikasema, "basi nitalala hapa."

Nikapanda kitanda cha juu ya Rehema na viatu vyangu vya matope. Wafula alisimama kidogo katikati ya chumba, blanketi kifuani. Kisha akalitandaza tena, polepole, akalinyoosha pembe zote nne. Ndiritu, aliyekuwa mlangoni, aligeuka akatoka. Alikwenda tu akavuta magodoro kutoka chumba cha pili akayaleta. Ikawa hivyo. Vitanda vilitosha, au karibu vilitosha. Wachache katika wale wazungu walilala kwenye magodoro chini, na hawakuonekana kujali. Hilo ndilo liliniuma kuliko yote. Wao hawakujua kabisa kuwa kuna kitu kilikuwa kinagombaniwa. Mtu mwingine alikuwa amejitwika kazi ya kutudhalilisha kwa niaba yao, bure. Jioni ileile mwanamke mmoja wao alinifuata jikoni akaniomba, kwa adabu, nimletee maji moto. Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha ofisini kwamba maji yanachemka na mimi pia nayasubiri. Akawa mwekundu mpaka shingoni. Kisha akacheka, akaja akasimama nyuma yangu kwenye foleni, na tukasubiri pamoja bila kusema mengi. Sikumchukia. Nilitaka tu asimame pale.

Asubuhi tulilianza lile tope ambalo kila aliyepita njia ile analijua, bonde la majani magumu na maji ya baridi linalopanda moja kwa moja kuelekea mbinguni. Kila kidimbwi kilikuwa kimefunikwa ngozi nyembamba ya barafu. Rehema alikuwa ameacha kutaja vitu. Mwanzo nilifikiri ni pumzi. Kisha nikamwona akikosa kukanyaga jiwe ambalo mtoto angelikanyaga, akacheka peke yake, akakaa kwenye nyasi, akatapika. Ndiritu alimwuliza maswali kadhaa, akamtazama macho. Rehema mwenyewe akasema, akitafuta maneno, "Hiki ni kichwa cha mwinuko, kaka, hewa haba. Ningekuwa mgonjwa wangu ningejirudisha." Ndiritu akasema ndiyo, anashuka, na anashuka sasa hivi, na yeye Ndiritu ndiye atakayemshusha.

Wale wazungu walikuwa nyuma yetu kidogo. Mwongozaji wao alipofika akaelewa mara moja, akasema kuna nafasi, Wafula na mimi tunaweza kuungana nao mpaka juu. Wafula akanitazama. Alikuwa amekuja kutoka Mbale kwa hili. Nikamwambia aende, na nilimaanisha. Alienda, na alifika, na sikuwahi kumwonea wivu. Kwangu mimi ulikuwa uamuzi mwingine. Anga ilikuwa imefunguka. Kwa mara ya kwanza nilikiona kilele bila shamba la mtu mbele yake, mawe meusi na theluji katikati, karibu kiasi cha kuniumiza macho. Nilikuwa na nguvu. Kichwa changu kilikuwa safi. Nilijua kuwa nikishuka, nitashuka mpaka kwenye midomo ya Nyeri nzima.

"Nenda," Rehema akasema. "Usinibebeshe lawama, Wairimu. Ndiritu yupo."

"Siendi."

"Watakucheka."

"Wacheke."

Akaanza kulia, kwa hasira zaidi kuliko maumivu, kwa vile alikuwa amekuja kote kule kushika kitu na sasa anarudishwa kikiwa mbele ya macho yake. Nikainama kwenye kidimbwi, nikaibandua ile barafu kwa kucha, kipande kikubwa kama sahani, nikamwekea mikononi. Aliishika. Aliigeuza. Aliiweka kwenye paji la uso, maji yakimtiririka puani, akaniambia, "Hii si theluji, wewe." Nikasema najua. "Lakini ni baba yake mdogo," akasema, tukacheka mpaka Ndiritu akatukemea tusimame.

Tulimshusha tukimshika huku na huku, na kila tulivyoshuka alirudi: kwanza miguu, kisha maneno, na tulipoingia kwenye mianzi alikuwa ameshaanza kulalamika kuwa ana njaa. Njiani nilitafuta ndani yangu ile huzuni ya mtu aliyeshindwa, niitayarishie majibu. Sikuikuta. Nimeitafuta tena miaka mingi baadaye, maana nilirudi mlimani, zaidi ya mara moja, na siku moja nilisimama juu kabisa. Ni pazuri, upepo ni mkali, na huko juu nilimkumbuka Rehema. Ila nikiulizwa ni lini niliupanda Mlima Kenya, mwaka ninaoutaja ni ule wa kwanza, na mtu akicheka kama wifi alivyocheka, namwacha amalize halafu namweleza. Wapo watu wanaodhani mlima una mahali pamoja tu pa kufikia. Mimi nilifika kwenye kitanda cha juu, nikakikalia.

Nyeri walitungoja. "Mlifika?" aliuliza muuza mkaa. "Mlifika?" wakauliza wale wawili wa kufua, na nilipojibu hapana wakatazamana kwa raha. Mama Saidi peke yake hakuuliza. Alimlaza Rehema, akampa uji wenye pilipili manga, akamkanda miguu, akasema wasichana wamerudi, basi.

Siku chache baadaye Muriithi akaja. Nilikuwa uani mbele ya jiko la makaa nikipika chapati, Rehema ameketi kizingitini kwenye jua, ananiviringishia madonge. Safari hii Muriithi alikubali chai. Alikunywa nusu kikombe kabla ya kusema, na alisema akiangalia kofia yake.

"Nimesikia hukufika."

"Sikufika."

"Hiyo ni sawa. Si hata Mungu mwenyewe amekurudisha." Akanywa tena. "Mimi nimefikiri. Nimekusamehe, Wairimu. Tuendelee na mambo yetu."

Wale wa kufua walikuwa wameacha kufua. Niligeuza chapati. Nataka kusema kwamba ule msamaha ulikuwa wa kweli. Alikuwa ametembea nao kutoka Mweiga, ulimgharimu, na wengine wengi wasingeutoa. Na nilikuwa na miaka ishirini na minne, bila kazi, akiba imekwisha, na jina langu likiwa linafuliwa pamoja na nguo za watu. Ilikuwa rahisi sana kusema asante.

"Muriithi," nikamwambia, "na kama ningefika, ungenisamehe?"

Aliinua macho. Nilishasema alikuwa mtu wa kufikiri, na tena hakuwa mwongo. Alilichukua lile swali akalizungusha, kwa haki, mpaka nikaona limefika mwisho ndani yake.

"Hapana," akasema.

"Basi hapo hakuna kitu cha kuendelea."

Alikaa kidogo zaidi. Alimaliza chai yake yote, maana haikuwa tabia yake kuacha chakula cha watu, akaweka kikombe chini, akamuaga Mama Saidi kwa heshima, na Rehema pia, akatoka. Nilisikia hatua zake zikipita ukuta wa mabati mpaka zikaingia kwenye kelele za barabara. Nilikuwa nimesimama na mwiko mkononi, nikiwa sina mchumba wala mpango, na nikijiona mrefu.

"Shoga," Rehema akasema kutoka kizingitini, "chapati inaungua."

Kweli ilikuwa imeungua, upande mmoja mweusi kabisa. Nikaiepua, nikaikata katikati kwa mikono, nikampa yake, tukaila hivyohivyo.